Vipandikizi Kumi na Viwili

Jumanne asubuhi Mkaguzi alihesabu vipande kumi na kimoja, akarudia, vikawa kumi na kimoja vile vile. Akajiambia ni macho ya usingizi. Akavuta kiti, akapanda, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono ndani ya tangi la samaki mpaka kwenye kiwiko, na safari hii akavihesabu kwa kidole, kimoja baada ya kingine. Kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilikuwa chini kwenye mchanga, kimelala kifudifudi.

"Kimesukumwa hiki," akasema, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Jina la Mkaguzi hakupewa na wazazi wake. Alilipata kiwandani, ambako kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa meza ndefu na kukagua mashati kabla hayajakunjwa: mshono, kola, vifungo. Shati bovu halikupita mbele yake. Wenzake walisema hata inzi akitua kwenye meza ile ni lazima ageuzwe, atazamwe upande wa pili. Kazi ya namna hiyo humwingia mtu mwilini. Sokoni alikagua nyanya mpaka wauzaji wakanuna, nyumbani alikagua masufuria yaliyokwisha kuoshwa, na watu alikagua maneno yao. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi, badala ya kumtazama usoni, bibi harusi alikuwa akitazama pindo la suruali yake.

Mumewe huyo sasa ni marehemu. Enzi za uhai wake alikuwa fundi wa matangi ya samaki, yale ya hospitali, ya hoteli, ya ofisi za wakubwa wanaopenda wageni wao wakisubiri wasubiri kimya. Sebuleni kwake mwenyewe aliweka tangi moja tu, refu kama kitanda, la maji ya chumvi, na juu ya jiwe la katikati aliotesha tumbawe la zambarau lenye matawi na ncha za kijani. Alilianza na kipande cha ukubwa wa ukucha. Miaka kumi na minne baadaye lilikuwa kichaka kizima, na ndipo yeye akaanguka akiwa kazini, ndoo mkononi, asiamke tena. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu azikwe.

Watu hudhani tumbawe ni jiwe. Ni kiumbe hai, mwenye nyama nyembamba iliyovikwa juu ya mfupa mweupe, naye huugua na hufa. Hilo la marehemu lilianza kubabuka kutoka chini. Kila Mkaguzi akirudi kutoka kazini alikuta mfupa mweupe umepanda tawi jingine. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, maana naye ni fundi wa kazi hiyo hiyo, na hapakuwa na mwingine wa kumwita.

Shemeji huyo watu wote walimwita Taratibu. Kunywa kikombe cha chai kwake ilikuwa shughuli ya asubuhi nzima. Alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, kwa muda ambao mwingine angekwisha kupalilia bustani.

"Halitapona, shemeji," akasema mwisho. "Tukate ncha ambazo bado zina uhai, tuzipandikize upya kwenye jiwe. Zikishika, litarudi lile lile. Zisiposhika, ndiyo basi tena."

Siku hiyo hiyo, Jumamosi, akakata vipande kumi na viwili kwa koleo, kila kimoja urefu wa kidole gumba. Akaviogesha kwenye dawa ya rangi ya kahawia. Akakausha kitako cha kila kimoja kwa karatasi laini, akaweka tone la gundi nzito, si kubwa kuliko punje ya harage, akakizamisha na kukibana juu ya jiwe huku akikizungusha kidogo, kama anayefunga kizibo. Akakishikilia hivyo, akihesabu kimoyomoyo, ndipo akakiachia. Gundi hukauka haraka, alieleza, lakini gundi ni ya kusaidia tu. Kipande chenyewe ndicho kinachotakiwa kitambae na kuota mguu juu ya jiwe, na hilo huchukua kama wiki tatu. Kufika Jumatatu tumbawe mama lilikuwa jeupe lote. Kazi ya miaka kumi na minne ilikuwa imebaki kwenye vipandikizi vile kumi na viwili, basi.

Na sasa, siku ya tatu tu, kimoja kiko mchangani.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya. Mkaguzi hakuamini bahati mbaya, aliamini kazi mbaya, na nyuma ya kazi mbaya siku zote alimtafuta mtu. Mtu huyo hakuhitaji kutafutwa mbali. Mwezi mmoja tu baada ya mazishi, Taratibu alikuwa amekaa kwenye kochi lile lile na kusema, macho yakiwa kwenye tangi, "Hili, shemeji, si ungeniachia nilipeleke kwangu? Kazi yake ni nzito." Alisema kwa upole, kama kawaida yake. Mkaguzi alimjibu kwa upole vile vile kwamba ataliweza. Lakini neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni, na tangu siku hiyo kila Taratibu alipoingia, yeye alimtazama mikono.

Ufunguo alikuwa nao. Alikuwa akija saa nne asubuhi, Mkaguzi akiwa kiwandani, kulisha samaki na kupima chumvi. Alikuwa akija na ndoo ndogo yenye kifuniko na kuondoka nayo. Ndani ya ndoo mna nini, hilo Mkaguzi hakuwahi kuuliza, na sasa alijilaumu.

"Labda konokono," Taratibu alisema jioni ile kwenye simu, alipoambiwa habari za kipande kilichoanguka. "Usiku wanatembea. Wakikutana na kitu ambacho hakijashika vizuri, wanakiangusha."

"Konokono hao wamo humu tangu enzi za kaka yako, na hawakuwahi kuangusha kitu."

"Ndiyo, shemeji. Nitakibandika tena kesho."

Ndiyo, shemeji. Kila kitu ni ndiyo, shemeji. Mkaguzi aliona bora mtu anayebisha, maana unajua amesimama wapi.

Tangu hapo akajiwekea utaratibu. Asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni isiyo na harufu, kama marehemu alivyotaka, akapanda kiti na kuvipitia vyote kwa kidole. Hakuishia kuvihesabu. Alikisukuma kila kimoja kidogo, kuona kama kimeshika kweli au kimebandikwa cha kuzugia tu. Vilikuwa vimesimama imara. Akashuka, akafuta mikono kwa taulo lililotundikwa kando ya tangi, akaenda zake. Na bado Alhamisi kilianguka kingine. Jumamosi kingine. Wiki ya pili ikaja na balaa jipya: vipande havikuwa hata mchangani. Alivihesabu juu ya jiwe vikawa tisa, baadaye vinane, na chini hapakuwa na kitu.

"Vile vingine viko wapi?" akamuuliza Taratibu.

"Vilikufa, shemeji. Nimevitupa." Alisema hivyo akiwa ameinama, anafunga kifuniko cha ndoo.

Siku hiyo Mkaguzi hakula kitu. Alikaa kwenye kochi akitazama jiwe lile, akapigiwa simu na mama mkwe wake na kuzungumza naye habari za mvua bila kusikia anachosema mwenyewe. Kilichomuuma si tumbawe peke yake. Mumewe hakuacha mtoto, hakuacha picha nyingi, alikuwa mtu wa kukwepa kamera. Alichoacha ni kile kilichokuwa hai ndani ya kioo kile, na mtu alikuwa akikibeba kidogo kidogo, mtu wa damu yake.

Jumatano ya wiki ya pili alivaa nguo za kazi, akabeba mkoba, akatoka na kufunga mlango kwa kishindo ili majirani wasikie. Alipofika kwenye kona akageuka. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akavua viatu, akakaa kitandani chumbani, mlango umeachwa wazi upana wa vidole viwili. Kiwandani alikwisha kuwaambia anaumwa.

Saa nne Taratibu aliingia. Akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani. Kabla hajagusa kitu kingine, akalishika lile taulo la kando ya tangi, akalibinya kwa vidole, akatikisa kichwa polepole. Mkaguzi akaelewa, au alidhani ameelewa: anaangalia kama nimepita hapa, mwizi anasoma nyayo za mwenye nyumba. Kisha Taratibu akaingiza mkono majini. Akagusa kipande cha pembeni, ambacho Mkaguzi mwenyewe alikuwa amekiacha kimesimama saa tatu tu zilizopita, akakitoa. Hakuvunja, hakuvuta kwa nguvu. Alikichukua kama mtu anayechukua kijiko mezani. Akakigeuza kwenye mwanga wa taa, akakitia ndani ya ndoo, akafunika. Ndipo simu yake ikalia.

"Naam, mama," akasema. "Ndiyo, leo pia." Akasikiliza. "Kimoja tena. Nimekichukua, viko kwangu vyote. Hapana, mama, usimwambie. Asijue kabisa."

Mkaguzi alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Kumbe na mama! Mama mkwe aliyekuwa akimpigia simu kila jioni kumuuliza kama amekula, kumbe anaulizia mengine. Angeweza kutoka pale pale na kumshika mkono ukiwa bado umelowa. Hakutoka. Hakuwa mtu wa kuliita shati bovu kabla hajaligeuza upande wa pili, na jioni akampigia Taratibu.

"Naona leo kimoja hakipo."

"Kilikufa, shemeji. Nimekitupa."

"Kilikufa."

"Ndiyo."

"Ahsante sana," Mkaguzi akasema, akakata simu.

Jumapili akaenda nyumbani kwa mama mkwe, saa ambayo alijua Taratibu huwa pale. Chai ilikuwa mezani. Hakuinywa. Alisimama kama anayesoma ripoti, akaanza na siku ya kwanza, akaja kwenye ndoo, akaja kwenye mlango ulioachwa wazi upana wa vidole viwili, akayarudia maneno ya simu neno kwa neno, akimtazama mama na mwana kwa zamu.

"Kama mlilitaka tangi mngesema," akamalizia. "Ningekataa, lakini mngesema. Marehemu hajatimiza mwaka kaburini, na ndugu yake anamwibia vipande kwa ndoo."

Taratibu alikuwa ameshika kikombe, na akaendelea kukishika. Alimtazama mama yake. Mama mkwe akatikisa kichwa kidogo sana, na Mkaguzi akakiona kichwa kile kinavyotikisika, akazidi kuwaka.

"Huna la kusema?"

"Sina, shemeji."

Akatoa ufunguo kwenye mnyororo wake. Ilimchukua muda, kucha zake zilikuwa fupi. Akauweka kwenye sinia la chai.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia Mkaguzi, "ungekaa kwanza unywe chai." Alimtazama kwa huruma, huruma tupu, kama anayemtazama mgonjwa. Mkaguzi angependelea matusi. Aliuchukua ufunguo, akaondoka bila kuaga, na njia nzima alijiambia kwamba mtu asiye na hatia hujitetea.

Juu ya jiwe vilikuwa vimebaki sita. Alibadilisha kitasa siku ile ile. Sasa nyumba ni yeye, samaki, na wale konokono wanaosingiziwa. Asubuhi alivipitia vyote, jioni akavipitia. Jumatatu vyote imara. Jumanne vyote imara, akatabasamu peke yake mbele ya kioo, tabasamu la mtu aliyeshinda kesi. Jumatano asubuhi kimoja kilikuwa mchangani.

Alikiokota, akakausha kitako kwa karatasi laini, akaweka gundi ya kiasi cha harage, akakibana na kukizungusha kama alivyoona ikifanywa. Kilishika vizuri, alikijaribu akaona kimeshika. Kesho yake kilikuwa chini tena, na kingine pamoja nacho. Akawatoa konokono wote, tisa, akawaweka kwenye beseni la maji ya chumvi pembeni. Ijumaa kikaanguka cha tatu. Vile vilivyoanguka vikaanza kuwa na madoa, kisha vikawa vyeupe, na alipovitoa vilinuka. Vikabaki vitatu.

Mlango umefungwa, kitasa kipya, konokono wako kwenye beseni. Mkaguzi alizunguka tangi, akachungulia nyuma, akakagua mabomba ya pampu, akawakagua hata samaki mmoja mmoja kwa jicho la polisi. Hakupata mtu. Usingizi nao ukamkimbia. Kumtuhumu shemeji kulikuwa kumempa mahali pa kuweka uchungu wake, na sasa uchungu umerudi na hauna mahali pa kukaa.

Jumatatu iliyofuata kiwandani kulikuwa na kelele. Maboksi mawili ya mashati yalikuwa yamerudishwa, vifungo vimedondoka. Msimamizi akawaita wote kwenye meza ya mwisho. Fundi wa mashine ya tisa, mwanamke mfupi mwenye mdomo usio na breki, akafika akiwa na uzi shingoni.

"Vifungo vyako hivi," Mkaguzi akamwambia.

"Ni vyangu, sikatai. Na vilitoka kwangu vizima."

"Vingekuwa vizima visingedondoka."

"Bi Mkaguzi, nisikilize bila kukasirika. Wewe kila kifungo unakivuta. Wa zamu ya pili naye anakivuta, wa stoo anakivuta. Uzi mpya haujakaa, mnauvuta mara tatu, mnaulegeza, halafu mnauandika umepita. Kifungo changu hakikuwa na ugonjwa wowote mpaka kilipokaguliwa."

Watu wakacheka. Hata msimamizi alijifanya anakohoa. Walikuwa wakimsubiri Mkaguzi ajibu, maana majibu yake yalijulikana kwa ukali, lakini Mkaguzi alikuwa akikitazama kidole chake cha shahada. Alikitazama kwa muda mrefu. Kilianguka kipi siku ya kwanza? Kile cha mbele, kilicho karibu na kiti. Na Jumatatu ile, siku moja kabla, kabla hajajiwekea utaratibu wowote, si alipanda kiti na kukisukuma kidogo, kuona kama shemeji amefanya kazi? Gundi changa, kidole, ufa usioonekana. Kipande husimama kwa heshima saa chache, mpaka maji au konokono apite.

"Naomba ruhusa," akamwambia msimamizi.

"Unaumwa tena?"

"Ndiyo," akasema, na hakuwa anadanganya.

Taratibu alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya gereji ya baiskeli. Mkaguzi hakuwa amefika kwake mara nyingi. Alitembea katikati ya magurudumu yaliyotundikwa, akirudia kichwani maneno ya kuomba radhi, akiyapanga na kuyapangua. Mlango ulikuwa wazi. Akapiga hodi, akaingia, na maneno yote yakamtoka kichwani.

Mezani palikuwa na boksi la plastiki linaloonyesha ndani, la kuwekea nguo, limejazwa maji, lina pampu ndogo na taa juu yake. Ndani, juu ya vipande vya mawe, vilisimama vitano. Zambarau, ncha za kijani. Vimefunguka, vimetoa vile vidole vyao vidogo vinavyocheza majini.

Hasira ikarudi mbio kama mbwa anayejua nyumbani kwake. "Vilikufa," akasema. "Ulivitupa."

Taratibu alikuwa amekaa kwenye kigoda akisafisha pampu kwa mswaki. Aliuweka mswaki chini. "Nilidanganya," akasema. "Nilivitoa kwako sita. Kimoja kilikufa kweli."

"Kwa nini, sasa? Nieleze tu kwa nini."

"Kaa, shemeji."

Akakaa. Taratibu akaanza, na kama kawaida yake ilikuwa lazima umsubiri.

"Ile Jumatatu, siku ya pili baada ya kupandikiza, nilipita mapema kuliko kawaida. Mlango wa mbele uliuacha wazi. Nikakuona umepanda kiti, mkono uko majini, unavigusa kimoja kimoja, na midomo yako inacheza. Nikarudi nyuma, nikaenda kukaa kwenye baiskeli yangu mpaka ulipoondoka. Nikasema, anazungumza na kaka. Anamsalimia." Alifuta mikono kwenye suruali. "Kila asubuhi nikikuta taulo limelowa, nilijua umemsalimia. Na nilijua vipande vitakuwa vimelegea, kwa sababu gundi haijazoea. Vilivyolegea kidogo nilibandika tena. Vilivyojeruhiwa nilivileta huku vipone. Nilitaka vikishaota mguu nivirudishe, nikuambie vimechipua upya."

"Ungeniambia nitoe mkono."

"Ningekuambiaje? Kwenye mazishi hukulia. Miezi kumi na moja hukulia. Mama alikuwa na hofu na wewe. Nilipomweleza nilichokiona akashukuru Mungu. Gundi ninayo nyingi, shemeji. Nikaona bora nibandike kila siku kuliko kukukataza."

Nje mtu alikuwa akigonga chuma, akaacha, akagonga tena. Mkaguzi aliona njia imefunguliwa mbele yake, pana na laini. Angeinamisha kichwa tu. Angesema ni kweli, uchungu ulinizidi, nisamehe kwa maneno ya Jumapili, na wote wangemkumbatia. Hakuna ambaye angejua. Ila yeye alikwisha kumwita mtu huyu mwizi mbele ya mama yake, kwa jambo alilolifanya kwa kumhurumia.

"Nilikuwa nahesabu," akasema.

"Nini?"

"Midomo. Nilikuwa nahesabu vipande. Na nikivisukuma, nilikuwa nakukagua wewe, kama umevibandika vizuri au unanizuga." Akakinyosha kidole chake cha shahada. "Kaka yako sikumsalimia hata siku moja. Pale juu ya kiti nilikuwa nakuwaza wewe tu, na nilikuwa nawaza mabaya."

Taratibu aliuchukua ule mswaki, akautazama, akaurudisha chini.

"Kila siku?" akauliza.

"Asubuhi na jioni."

"Ningejua hivyo, ningekuambia siku ile ile," akasema Taratibu. "Nisingeona haya. Ningekuambia, shemeji, toa mkono wako, unaviua. Vyote kumi na viwili vingekuwa hai."

Mkaguzi akatoa ufunguo mpya kwenye mkoba, akauweka mezani karibu na boksi. Taratibu akausogeza kwa kidole, akamrudishia.

"Kaa nao kwanza."

"Umenikasirikia."

"Nimekasirika, ndiyo. Itapita, ila si leo." Alinyanyuka, akapunguza taa ya boksi. "Hivi vitano viache hapa, vinaanza kuota mguu. Vyako vitatu usiviguse, hata vikiegama. Na mama..." Akasita. "Mama kila siku alikuwa akinipigia kuuliza swali moja tu, kama leo umemsalimia. Namwambia leo pia. Alikuwa akisikia hivyo anapata usingizi. Sijui sasa nitamwambia nini."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Nenda kesho. Leo mwache alale."

Alifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Sebuleni taa ya tangi ilikuwa inawaka, samaki wakaja mbele ya kioo wakidhani wanaletewa chakula. Akawarudisha konokono kutoka kwenye beseni, mmoja mmoja, kwa kijiko, akiwaachia pembeni kabisa. Kisha akalikunja lile taulo na kulipeleka kwenye nguo chafu, akakisogeza kiti mpaka upande wa pili wa chumba.

Vipande vitatu vilikuwa juu ya jiwe. Kimoja kilikuwa kimeegama. Mkono ulimwasha, kweli ulimwasha, akauingiza mfukoni pamoja na mwenzake. Akasimama hivyo mbele ya kioo, akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimtaja mumewe kwa jina, kwa sauti, ndani ya nyumba hii. Hakukumbuka. Miezi kumi na moja alikuwa amevikagua vitu vyake vyote, na mwenyewe hakumwambia neno. Aliona aibu, kama mtu anayezungumza na ukuta, na machozi ambayo hayakutoka mazishini yakamlengalenga.

Akamwita kwa jina lake.

"Habari za siku nyingi," akasema. "Ndugu yako nimemkosea."